Operesheni ya kizazi kilichoshuka, mjini Unguja: nyota nne, na ya tano naeleza kwa nini nimeibania

Naanza na hukumu kabisa mana najua wengine hamfiki chini. Dokta nampa nyota zote, wodi naipunguzia moja, na ile kliniki ya mwanzo tuliyopita kabla hatujafika hapa ningeipa nusu tu, tena kwa ajili ya kiyoyozi. Majina siandiki, ya walionifurahisha wala ya walioniudhi, mji wenyewe mdogo huu na wote tunakutana Darajani.

Mgonjwa ni mamangu. Mtu wa Pemba, Micheweni, kazaa saba, na mwani kaulima tangu sisi wadogo. Anayejua mwani anajua, kile kiroba kikitoka majini kimeroa si mzigo wa mchezo, na yeye alikuwa akijitwisha mwenyewe mpaka juu ya pwani kisha anarudi kuchukua chengine. Matatizo yake kakaa nayo miaka na sisi watoto hatujui lolote, mambo haya kwetu hayasemwi, mtu anavaa kanga mbili anajistiri anaendelea na kazi. Mie nilianza kushtuka kwa kuona kila akikohoa anajibana, na safari za chooni usiku haziishi, basi nikamkalisha chini mpaka akasema: "Mwanangu, kuna nyama inanitoka, nikilala inarudi, nikisimama inashuka."

Huko nyumbani alishaambiwa ni chango, kanywa mizizi, akaambiwa tena ni jini, kasomewa. Kusomewa hakuna neno, lakini ile nyama ilikuwa ni kizazi chenyewe kimeteremka na ukuta wa kibofu umevutwa pamoja nacho. Dokta alivyotueleza ni kwamba kizazi, kibofu na utumbo wa choo vyote vinabebwa na misuli na kano za chini ya nyonga, na zikilegea ni kama kitanda cha kamba kilichochoka, kila kilicho juu yake kinabonyea. Zinalegezwa na uzazi wa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mtoto mkubwa, umri baada ya hedhi kukatika, kikohozi cha kudumu, choo kigumu cha kujikamua kila siku, unene, na mizigo. Mamangu karibu vyote alikuwa navyo kasoro unene. Si saratani, haliambukizi, na wala si adhabu ya dhambi yoyote, hili naliandika makusudi kwa sababu kuna mtu wa karibu alithubutu kusema.

Sasa ile kliniki ya mwanzo. Dokta kaingia, kamtazama chini ya dakika, hakuuliza hata kama anatumia dawa gani, akasema kizazi kitolewe, nenda dirishani kalipe advansi tukupangie siku. Mie nikauliza kuna njia nyengine? Akasema hakuna. Nikauliza atatoa na vifuko vya mayai au kizazi peke yake? Akatizama simu yake. Tukashukuru tukaondoka. Pengine fundi mzuri wa kushona, sijui, lakini mtu asiyetaka kusema anachotaka kukata, simpi mamangu.

Hospitali ya pili ndiyo ninayoiandikia. Tulikaa kwenye foleni asubuhi nzima, hilo lazima niseme, nendeni mmekula. Lakini tulipoingia dokta kakaa na sisi, na nesi wa kike alikuwepo chumbani muda wote. Dokta mwanamme, na bi mkubwa aligoma mwanzo, kaniangalia kwa jicho lile mnalijua. Yule nesi akamwambia taratibu, "Bibi, mie niko hapa hapa, na ukitaka akupime mwanamke sema, tutakupangia siku yuko." Kule kuambiwa tu kwamba anaweza kukataa kulimtosha, akakubali. Kwa hiyo jueni, kuomba dokta wa kike au kuomba mtu wako akae na wewe wakati wa kupimwa si ujeuri, ni haki ya mgonjwa, mukiona wananuna waacheni wanune.

Maswali yake yalikuwa mengi na mengine ya aibu kwelikweli. Mkojo unavuja ukicheka au ukikohoa, au unakuwahi kabla hujafika chooni? Choo unakipata bila ya kusukuma kwa kidole? Damu imetoka tangu hedhi ikatike? Wewe na mzee bado mnakutana, na unataka iendelee hivyo? Mamangu pale akaangalia ukuta, lakini lile swali lina maana yake, mana ziko operesheni za kufunga njia karibu yote kwa vikongwe ambao hawahitaji tena tendo la ndoa, ni nyepesi kwa mwili na inashika vizuri, ila ukishafungwa hakuna kurudi nyuma. Sasa mtu akafungwa hajaulizwa, atamwambia nani? Jibuni ukweli, na kama kuna mtoto wa kiume chumbani mtoeni nje kwanza.

Kampima kalala kisha kasimama anakohoa, kwa sababu ukilala chengine kinajificha ndani. Akatwambia kuna hatua 1 mpaka 4, yeye yuko ya 3, yaani kimeshatoka nje ya mlango wa uke lakini si chote. Hatua za mwanzo mara nyingi hazihitaji kisu kabisa. Kuna lile zoezi la kubana misuli kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unabana mpaka sekunde 10, unaachia, mara 10, na unarejea mara 3 kwa siku, tena kwa miezi, kama 4 hivi ndio useme limefaa au halikufaa. Zinaitwa za Kegel, kwa jina la dokta wa Kimarekani aliyeziandikia mwaka 1948. Unaweza kufanya unapara samaki. Usifanye kila siku huku unakojoa lakini, ule ni wa kujua msuli upo wapi tu.

Halafu akafungua droo akatoa pete. Pete ya silikoni, laini, inakunjika, akampa aishike mkononi, akaikunja akaiachia ikafunguka pwaa. Inaitwa pesari, inawekwa ndani inazuia kizazi kisishuke, inatolewa inaoshwa inarejeshwa, na mgonjwa anarudi kutazamwa kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu ikiachwa ikasahauliwa inaweza kuchubua. Hakuna kulazwa, hakuna sindano. Mie nilikuwa sijawahi kuisikia kabla ya siku ile, na kule kliniki ya mwanzo tuliambiwa "hakuna njia nyengine"! Ndiyo mana nimeandika haya yote. Mamangu kakaa nayo muda na ilimsaidia, kapata kulala, lakini baadae ikawa inamkwaruza na uchafu haukatiki, na kuvuka bahari kila mara kuja kutazamwa kulimchosha, mwenyewe akasema basi nakubali kisu. Lile neno alilisema yeye, hakuambiwa na mtu. Wako wengine wanaishi na pete mpaka mwisho na hawana shida.

Kabla hamjasaini muulizeni dokta haya, na asiyejibu mkimbieni. Unatoa nini na unabakisha nini? Kutoa kizazi si kutoa vifuko vya mayai, na mwanamke ambaye bado anapata hedhi akibakishiwa vifuko vyake homoni zinaendelea, hedhi ndiyo haiji tena na mimba hakuna. Na kutoa kizazi peke yake hakutengenezi ukuta wa kibofu wala wa utumbo, lazima waushone na waitundike sehemu ya juu ya uke kwenye kano madhubuti, la si hivyo kutashuka tena na kizazi chenyewe hakipo. Njia ipi, chini au tumboni? Na je, utatia nyavu? Hili shikeni sana. Kuna nyavu za plastiki walikuwa wakizipitisha ukeni kuzuia kushuka, wanawake wengi huko nje zikawala nyama, wakapata maumivu yasiyokwisha, na mwaka 2018 Uingereza ikasimamisha, na mwezi wa nne 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru watengenezaji waache kuziuza kwa kazi hiyo. Zile zinazowekwa kupitia tumboni ni habari nyengine, bado zinatumika. Sisi tulijibiwa ni uzi tu, unaoyeyuka wenyewe.

Jengine tuliloambiwa waziwazi, na nilipenda kwamba hakuficha: inaweza kurudi. Si kila mtu, lakini wapo, na zaidi ndio wale wanaorudi kwenye mizigo. Pia yuko mtu ambaye mkojo ulikuwa hauvuji kwa sababu kile kilichoshuka kiliukunja mrija, ukishanyanyuliwa unaanza kuvuja. Na yako ya kila operesheni, damu, usaha, kuguswa kibofu au utumbo, damu kuganda mguuni. Anayekuambia haina hatari hata moja anakuuzia.

Fomu anasaini mgonjwa mwenyewe madhali ni mtu mzima na akili zake timamu. Baba alitaka kusaini yeye kama ndiye aliyezoea kusaini vitu, yule nesi akamwambia kwa adabu, "Baba, wewe shahidi." Bi mkubwa akaisaini kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kwa mbwembwe.

Matayarisho mafupi tu nitaeleza. Presha na sukari lazima zishuke kwanza, walimrudisha mara moja kwa presha, tulikasirika ila walikuwa na haki. Semeni dawa zote mnazokunywa, hasa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, na MITI SHAMBA PIA, msione haya. Dokta alimpa krimu ya homoni ya kupaka ndani wiki kadhaa kabla, kwa waliokatika hedhi inairudishia ngozi uhai kidogo. Na kama kuna anayetumia shabu, yale mawe meupe ya kukaza, au vile vidude vya kukaza vinavyouzwa kwa kificho, acheni, vinaunguza na kukausha ngozi ya ndani, na uke uliobabuka haushoneki vizuri. Nasikia wengine wanaitia shabu wakidhani itapandisha kizazi. Haipandishi kitu. Tafuteni na ndugu wa kutoa damu mapema, usiku wa manane hakuna wa kumuamsha. Chakula mwisho masaa 6 kabla ya operesheni, maji matupu masaa 2 kabla, lakini fuateni walivyowaambia wenyewe wa hapo.

Siku yenyewe hawakumpiga nusu kaputi, walimchoma sindano ya mgongo, kiuno kwenda chini kikafa ganzi na yeye anasikia wanavyozungumza. Anasema walikuwa wanazungumzia mpira. Kazi yote ilipita chini, tumbo halikuguswa, na hii ndiyo ilileta kichekesho baadae, mana majirani walikuja kumtazama wakataka waone kovu, hakuna kovu, mmoja akatoka anasema huyu hakupasuliwa, watoto wake wameliwa pesa.

Usiku wa kwanza anakuwa na mpira wa mkojo, na ndani ya uke wanasokomeza shashi ndefu ya kuzuia damu. Ile shashi wanaitoa kesho yake. Hakuna aliyetwambia urefu wake! Nesi kaanza kuvuta, anavuta, anavuta, inakuja tu, bi mkubwa kanikamata mkono kucha zimeingia, "Mwanangu mwambie aache, huyo ananitoa matumbo!" Nesi mwenyewe alicheka mpaka akasimama kidogo. Haiumi sana, ni kama kuvutwa kitu, ila waambieni wagonjwa wenu kabla. Mpira ukitolewa lazima akojoe kabla hajaruhusiwa, na wanapima kama kibofu kinamwaga chote, kuna wanaoshindwa siku za mwanzo na wanarejeshewa mpira, si maajabu. Na walimnyanyua atembee mapema, alilia kidogo, lakini kulala tu ndiko kunakogandisha damu miguuni.

Manesi wa mchana wa hali ya juu, sina la kusema. Wa usiku, mmoja alikuwa mkali bila ya sababu, dawa ya maumivu niliifuata mara mbili dirishani ndio akaja, na akaniambia "mbona wengine hawalalamiki". Wengine walikuwa wamelala bi dada.

Nyumbani ndiko operesheni inakoharibika, sikilizeni hapa. Wiki 6 hakuna ndoo, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kuni, hakuna tendo la ndoa, na mwani usahau, kwa mamangu dokta alisema viroba visahau moja kwa moja. Baba aliitwa akaambiwa mbele yangu, na mie nikajitia kutafuta kitu mkobani. Choo kisiwe kigumu: maji, mapapai, mboga, na walimpa dawa ya kulainisha. Uchafu mweupe au wa kahawia kidogo utatoka mpaka uzi uyeyuke, huo wa kawaida, pengine na vipande vya uzi vyenyewe, msishtuke. Lakini damu nyekundu ya kulowesha pedi, homa, harufu mbaya, mkojo kukataa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja umevimba na kigimbi kinauma, kifua kubana, hayo hayasubiri kesho. Kwa sababu hiyo hatukumrejesha Pemba upesi, alikaa kwa shangazi Kwahani mpaka alipotazamwa tena, nani anataka kutokwa na damu katikati ya bahari na boti inaruka. Na bodaboda hapana.

Shangazi naye na mapenzi yake akaita mtu wa kuja kumkanda, maji ya moto na majani, kama mzazi. Nikawa mie mbaya. Dokta alikataza kitu chochote kuingizwa ndani, kujifukiza na kukalia maji ya moto mpaka jeraha lipone, na kubonyezwa tumbo la mtu aliyeshonwa ndani si kumsaidia. Yule bibi alikuja akanywa chai, akamkanda miguu tu na kwa mkono mwepesi, mambo yakaisha kwa heshima. Kuhusu sala, muulizeni shekhe wenu, sisi tulimuuliza, akasema damu ya jeraha si hedhi, na akamuelekeza namna ya kusali kwa kukaa kwenye kiti.

Nimeulizwa na wengine kama hapa wanatibu na mambo mengine ya huko. Uvimbe wa tezi ya mlangoni mwa uke, ule unaovimba upande mmoja ukauma kukaa, huo ni mdogo, wanaufungua wanaushona kingo ubaki na tundu la kutoa maji, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo mara nyingi. Lakini mwanamke anayevuja mkojo mfululizo mchana na usiku bila ya kuhisi, hasa baada ya uchungu wa siku nyingi, huyo hana kizazi kilichoshuka, ile ni fistula, ni tundu, na inataka bingwa wake khasa kwa sababu nafasi nzuri ya kuiziba ni ile ya mara ya kwanza. Asijaribiwe na kila mtu. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanafanya bila ya malipo, na baada ya kushonwa mtu anakaa na mpira wa mkojo kama wiki 2 hivi, kwa hiyo ajipange kukaa.

Saivi bi mkubwa yuko Micheweni, analala usiku kucha, anasali amesimama, na viroba wanabeba wajukuu ingawa nina wasiwasi nikigeuka tu anashika kimoja.

Sasa nyota ya tano. Choo cha wodi. Wodi ya wanawake walioshonwa chini, walioambiwa wasijikamue na wasichutame, na choo ni cha kuchutama! Hakuna hata bomba la kushika ukutani, sakafu imeroa, taa inawaka ikitaka. Kila akienda tulikuwa tunamshika watu wawili, mmoja kila kwapa. Niliuliza, nikaambiwa maombi yameshapelekwa. Kwa hivyo anayekwenda achukue kiti cha plastiki cha kawaida, ampelekee fundi amkatie tundu katikati na asage kingo zisikate, kiwekwe juu ya choo. Sisi tulifanya hivyo siku ya pili, na tulipotoka tulikiacha pale wodini kwa wanaofuata. Kama hakijachukuliwa na mtu, kiko mlangoni mkono wa kushoto, cha bluu.